Bunduki za Bolti kwa Nyati, Tembo na Simba: Ununue Ipi, na Uitie Risasi Gani

Nyati aliyejeruhiwa hafuatwi na aliyempiga peke yake. Mbele hutangulia mfuata nyayo, mara nyingi bila bunduki, macho yameinamia ardhi akitafuta tone la damu kwenye jani. Ukinunua bunduki inayokushinda, ukafumba macho unapovuta triga, na risasi ikaingia tumboni badala ya begani, anayeingia kichakani kulipa deni hilo ni yeye. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa ukubwa wa mshindo. Nimeipanga kwa maswali mawili: mnunuzi wa kawaida ataweza kuifikisha risasi ya kwanza mahali pake? Na ya pili itaingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, bila kukwama?

Kabla ya duka, sheria. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huu zimeweka kaliba (kipenyo cha kichwa cha risasi) ya inchi .375 kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari, ingawa zipo zinazokubali milimita 9.3. Iulize mamlaka ya wanyamapori ya nchi unakokwenda, uulize pia taratibu za kuingiza na kutoa silaha, ndipo uchague.

Risasi

Nafasi ya kwanza naipa .375 H&H Magnum, na sioni haya kurudia waliyoyasema wengi kabla yangu. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo risasi unayoweza kuikuta kwenye rafu ambayo kaliba nyingine kubwa hazipo. Kichwa chake cha kawaida, kile kipande kinachoruka, kina greni 300, yaani gramu 19.4, na hutoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Ganda lake ni refu na limechongoka taratibu kama kigingi, hivyo huteleza kuingia chemba na hutoka bila kung'ang'ania hata chuma kikiwa cha moto. Teke lake, ule mrudisho wa bunduki begani, husukuma zaidi kuliko linavyogonga. Mtu wa umbo la kawaida anaweza kufyatua risasi 15 asubuhi moja na kesho yake akarudi uwanjani kwa hiari, na huko kurudi ndiko kunakomfanya awe mpigaji.

Wapo wanaosema ni ndogo kwa tembo. Kwa tembo anayekuja mbio uso kwa uso kwenye kichaka kizito wana hoja, lakini hiyo ni kazi ya mwindaji bingwa anayekuongoza, na yeye huwa amebeba kubwa zaidi. Wewe unahitaji risasi itakayomwingia nyati begani hadi moyoni, na itakayompata swala kwenye mita 200 siku inayofuata bila kubadilisha bunduki. Udhaifu wake wa kweli ni urefu: inataka bunduki yenye bolti ndefu, kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kuingiza risasi. Ruger na Hornady walilijibu hilo mwaka 2007 kwa .375 Ruger, inayoingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida na haina ule ukanda wa chuma kwenye kitako cha ganda. Inafanya kazi ileile, na kasi yake imezidi kidogo. Ningeiweka sawa na H&H kama isingekuwa ngumu kupatikana pale mizigo inapopotea safarini.

Ya pili ni familia ya .416. Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapofika baada ya kuizoea .375, na ndipo wanapochanganyikiwa. .416 Rigby ilitolewa na John Rigby & Co. mwaka 1911. Kichwa cha greni 400 hutoka kwa kasi ya karibu mita 730 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya takribani joule 6,900. Ukilishika ganda lake mkononi utashangaa unene wake. Zama zile baruti ilikuwa kodaiti, ambayo shinikizo lake lilipanda sana kwenye joto kali, na shinikizo likizidi ganda hukwama chemba. Waliochora .416 walilipa ganda nafasi kubwa ili shinikizo libaki chini. Mpaka leo vipimo vya Ulaya vinaipa Rigby ukomo wa megapaskali 325, wakati .416 Remington Magnum ina 430.

Hiyo Remington ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980 kufanya kazi ileile ndani ya ganda jembamba zaidi. Wembamba huo una faida: inaingia kwenye bunduki nyingi za bei ya kawaida, na baruti za kisasa hazishtuliwi na joto kama kodaiti. Nikiulizwa nichague, nachukua Rigby endapo bunduki imetengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo, si ya kuchongwa ili iingie kwa nguvu. La sivyo, Remington haina aibu yoyote. Harry Selby, mwindaji bingwa aliyejulikana sana Afrika Mashariki, aliingia kwenye .416 Rigby baada ya gari kuiponda bunduki yake ya mitutu miwili mwaka 1949. Ilikuwa ya kuzibia pengo tu. Akaendelea nayo kwa miaka mingi.

Lakini tahadhari: teke la .416 limepanda kwa zaidi ya theluthi moja juu ya .375. Kama .375 bado inakushtua, usipande ngazi.

Ya tatu ni .404 Jeffery, na nakiri naipenda. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, na idara za wanyamapori za zama za ukoloni ziliwapa askari wao wengi bunduki za kaliba hiyo. Kwa kipimo chake cha zamani hurusha greni 400 kwa mita 650 hivi kwa sekunde, teke lake ni la upole ukilinganisha na kazi yake, na mabega ya ganda lake yaliyoteremka huifanya iingie chemba laini kabisa. Kinachoishusha ni upatikanaji. Pia vichwa vyake vina kipenyo cha inchi .423, si .416, kwa hiyo anayejaza risasi mwenyewe asije akachanganya visanduku.

Ya nne ni .458 Lott. Mwindaji Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, akiwa na .458 Winchester Magnum. Winchester hiyo ilitoka mwaka 1956 katika ganda fupi, na ili kasi ipatikane baruti ilibidi ishindiliwe. Ikikaa muda mrefu ilishikana ikawa bonge, na risasi nyingine zikatoka dhaifu. Lott akarefusha ganda, akapata greni 500 kwa mita 700 kwa sekunde, karibu joule 7,900. Uzuri wake mwingine ni kwamba chemba ya Lott hukubali risasi za .458 Winchester ukiishiwa. Winchester ya leo imeponywa na baruti bora, nayo inatosha kwa umbali wa karibu, lakini ukiwa unanunua upya hakuna sababu ya kutochukua Lott. Ila jiulize kama wewe ndiye wa kusimamisha tembo kwenye hatua kumi. Wateja wengi sio.

.505 Gibbs, .500 Jeffery na .460 Weatherby Magnum nazitaja kwa heshima na kupita. Ni za watu wachache waliokwisha kupiga maelfu ya risasi kubwa. 9.3x62 ya Otto Bock, ya mwaka 1905, naiweka pembeni ya orodha: pale sheria inapoikubali ni risasi ya ajabu kwa utulivu wake, lakini usisafiri nayo kwa kubahatisha.

Kichwa cha risasi kina umuhimu kuliko kaliba

Mwindaji wa zamani W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi aliwaua kwa kaliba ndogo kama 7x57. Usimwige, alikuwa na jicho la kipekee, na leo sheria nyingi zingekuzuia. Alichokithibitisha ni kwamba kichwa kirefu na kigumu, kikiwekwa sawasawa, hupenya hadi kwenye ubongo bila kupinda. Kwa tembo tumia risasi ngumu tu, ya metali moja isiyofunguka, na yenye pua bapa kwa kuwa hushika njia iliyonyooka kuliko ya pua ya duara. Kwa nyati anza na risasi laini, inayofunguka mwilini, lakini iliyojengwa kwa nguvu, kama Swift A-Frame, Barnes TSX au Nosler Partition, kisha zifuate ngumu. Akiwa katikati ya kundi usimpige kwa ngumu kwanza, maana itamtoboa imjeruhi aliye nyuma yake. Simba na chui wana miili myepesi, kwao laini inayofunguka mapema ndiyo yenye kazi.

Bunduki yenyewe

Bunduki hizi hugawanyika mara mbili. Ya kwanza ni ukoo wa Mauser wa mwaka 1898. Ondoa macho kwenye mbao zinazong'aa, uitazame bolti inavyosogea mbele taratibu: risasi inapoinuka kutoka magazini, kitako chake huteleza chini ya ukucha mrefu wa chuma, na ukucha huo huishika kabla haijafika chemba. Tangu hapo risasi haiwezi kuanguka wala kuachwa nyuma, hata bunduki ikiwa imepinduka. Aina ya pili husukuma risasi mbele ikiwa huru, na huishika bolti inapofungwa tu. Mtu akisita katikati kwa woga, akairudisha bolti na kuisukuma tena, risasi ya pili huigonga ya kwanza kwa nyuma, na bunduki imeziba. Kwa swala si neno. Kwa nyati aliye hatua ishirini, mimi nataka ukucha.

Kwa mnunuzi wa kawaida, naanza na Winchester Model 70 Safari Express katika .375 H&H. Ina ukucha, na sefti yake (kizuizi cha kufyatua) ya hatua tatu huifunga bolti wakati wa kutembea. Ukinunua iliyotumika kuwa makini: kuanzia mwaka 1964 kiwanda kilihamia mtindo wa kusukuma, na ukucha ukarudi miaka ya 1990, kwa hiyo fungua bolti uone mwenyewe.

Ya pili ni CZ 550 Safari Magnum iliyotumika, hasa kwa .416 Rigby. Chuma chake ni kirefu na kipana cha kutosha ganda hilo nene. Ni nzito, na uzito huo unakusaidia kumeza teke. Nyingi huhitaji fundi wa kulainisha njia ya risasi, kwa hiyo weka gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo. Ya tatu ni Ruger Hawkeye kwa .375 Ruger au .416 Ruger: fupi, ngumu, haiogopi mvua.

Mauser M98 Magnum, Rigby Big Game na Heym Express ni bora kuliko zote nilizotaja. Nimeziweka chini kwa sababu moja tu: pesa inayobaki ukinunua Winchester inatosha risasi nyingi sana za mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayomlinda yule mfuata nyayo. Blaser R8, ambayo bolti yake huvutwa moja kwa moja bila kuinuliwa, ni ya haraka mno kwa aliyeizoea. Usiinunue mwezi mmoja kabla ya safari kama mikono yako imezoea kuinua bolti.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1 hadi 6, yenye nafasi kubwa kati ya lenzi na jicho, kwenye vishikio vinavyofunguka haraka ili ubaki na vilengeo vya chuma. Nimeshuhudia uwanjani mtu amechanika nyusi kwa darubini ya swala iliyofungwa kwenye .458. Baada ya hapo hakupiga tena vizuri siku ile, wala wiki ile.

Sasa dukani. Niliwahi kununua bunduki mpya, nzuri kwa macho, nikaipeleka uwanjani na risasi ngumu za pua bapa. Ya kwanza na ya pili ziliingia. Ya tatu ilijikita kwenye mdomo wa chemba, na ilinibidi kuitoa kwa vidole viwili huku jasho likinitoka, ingawa mbele yangu palikuwa na karatasi tu. Fundi aliimaliza kwa saa moja ya kusugua.

Kwa hiyo hakikisha bunduki ni tupu, kisha mwombe muuzaji risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, zenye umbo lilelile la kichwa utakachotumia. Jaza magazini yote. Weka bunduki begani, mdomo ukielekea upande salama, na uchezeshe bolti kwa nguvu bila kuitazama mpaka iishe. Rudia polepole. Rudia bunduki ikiwa imelala ubavu, kisha ikiwa kichwa chini. Mwisho fumba macho, ilete begani, ufumbue: kama vilengeo havijakaa mbele ya jicho lako, kitako si chako, kifupishwe au kirefushwe kabla hujalipa.