Uzoefu wangu: miezi minane na Hoodoo Man Blues ya Junior Wells

Nilipoanza kujifunza harmonika, kile kinanda cha mdomo chenye matundu 10, kila niliyemuuliza nimsikilize nani alinitajia jina lilelile: Little Walter, mpigaji harmonika wa blues, muziki wa Wamarekani Weusi. Nikamsikiliza. Nilianza na "Juke", wimbo usio na maneno alioupiga Chicago mwaka 1952, ukakaa wiki 8 kileleni mwa chati ya R&B huko Marekani. Ni kazi kubwa na sina la kuipinga, ila kwangu ilikuwa sawa na kutoswa bahari kuu hali sijajua kuelea. Kila nikijaribu kumfuata, pumzi zinaniishia kabla yeye hajamaliza sentensi yake ya kwanza.

Aliyenivuta ufukweni ni Junior Wells, kijana aliyeshika nafasi ya huyo huyo Walter katika bendi ya mwanamuziki wa blues Muddy Waters. Albamu yake Hoodoo Man Blues ilirekodiwa Chicago Septemba 1965 na kutolewa na kampuni ya rekodi ya Delmark. Studioni walikuwa wapigaji wanne tu: Wells anaimba na kupiga harmonika, Buddy Guy kwenye gitaa, Jack Myers kwenye besi, Billy Warren kwenye dramu. Hakuna piano, hakuna tarumbeta. Kwa anayejifunza, huo uchache ni neema, maana kila pumzi inasikika inapoingia na inapotoka.

Sikiliza wimbo wa kwanza, "Snatch It Back and Hold It". Wells hamwagi sauti mfululizo. Anatupia kipande kifupi, anaimba, anaguna, anaiachia bendi nafasi, halafu anarudi pale ambapo hukumtarajia. Mimi nilikuwa najaza kila upenyo nikidhani ndiyo ufundi. Baada ya wiki mbili na wimbo huu nilianza kuhesabu mahali anaponyamaza badala ya mahali anapopiga, na upigaji wangu ukabadilika tangu hapo.

Wimbo ninaourudia kuliko zote ni "In the Wee Hours", wa polepole, wa usiku wa manane kama jina lake linavyosema. Gitaa la Buddy linasema jambo kwa sauti ya chini, harmonika inaitikia. Nausikiliza taa zikiwa zimezimwa, watoto wamelala, hedifoni masikioni na harmonika mfukoni. Nasisitiza mfukoni. Ukiwa nayo mdomoni utaanza kupiga kabla hujasikia.

Kinachonishughulisha zaidi ni tundu la 3. Ukivuta pumzi kupitia tundu hilo kwenye harmonika ya C, yaani iliyopangwa kwa ngazi ya sauti inayoanzia C, unapata sauti moja ya kawaida, lakini ukishusha ulimi na kubadilisha umbo la kinywa, sauti hiyohiyo inapinda na kushuka mara tatu. Tundu moja, sauti nne. Blues nyingi hupigwa kwa kuvuta zaidi kuliko kupuliza: unashika harmonika ya C na kuipiga katika ufunguo wa G, yaani ngazi inayoanzia G, na ile sauti iliyopindwa kidogo pale kwenye tundu la 3 ndiyo inayolia kama mtu. Niliijua kwa maneno tu kwa muda mrefu. Nilikuja kuijua kwa sikio nilipomsikia Wells akiivuta taratibu hadi ikatulia mahali pake.

Kuna habari mbili za albamu hii ninazozipenda. Kwenye matoleo ya mwanzo Buddy Guy aliandikwa "Friendly Chap", kwa kuwa ilidhaniwa bado anafungwa na mkataba wa Chess, kampuni nyingine ya rekodi. Tena ampulifaya yake iliharibika katikati ya kazi, ikabidi gitaa lipitishwe kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka, iliyotengenezwa kwa ajili ya ogani. Ndiyo maana kuna mahali gitaa linasikika kama liko majini. Hitilafu ile imeacha sauti nzuri ajabu.

Sasa upande wa ununuzi. Niliagiza santuri kwa muuzaji wa mitandaoni, nikasubiri wiki sita, ikafika imepinda ukingoni, sindano inaruka kwenye nyimbo mbili za mwanzo za kila upande. Nilimwandikia mara tatu hakujibu. Liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili yake. Ukiagiza, omba picha ya santuri ikiwa imelazwa kwenye meza bapa kabla hujatuma pesa. Sasa nasikiliza toleo lililopanuliwa la 2011 kwenye simu, na kwa mwanafunzi naona ni bora zaidi: kuna marudio ya nyimbo na mazungumzo ya studioni, unawasikia watu wakitafuta njia kabla hawajaipata.

Nimeipa nyota tano. Kama umekwisha kuzoea kupinda sauti na unataka kasi, nenda kwa Walter moja kwa moja. Kama unataka harmonika isiyo na umeme, yenye vigelegele na mwendo wa treni, mtafute Sonny Terry. Mimi bado sijatoka hapa. Wiki hii niko kwenye "Chitlin Con Carne", haina maneno hata moja, na jana usiku nilipata sekunde nane za kwanza bila kukosea.