Kulala na AC ya sola ndani ya Hiace: uzoefu wangu

Nauza mitumba minadani, na nikienda Kilwa na Lindi nalala ndani ya Hiace. Joto la Februari la kule halitaki feni. Feni inakupulizia joto lile lile. Nikafunga AC ndogo ya dirishani, BTU 5,000, dirisha la nyuma ubavuni, na paneli mbili za wati 200 juu ya paa.

Inveta ya kwanza, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilikuwa ya wati 1,000. AC inakula kama 450, nikaona nimebakiza nyingi tu. Kumbe kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya AC, inapowaka inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa sekunde moja au hata haifiki. Inveta ikalia tiii, taa nyekundu, kimya. Muuzaji akagoma kurudisha hela. Nikanunua ya 3,000, na fundi akabadilisha nyaya za betri, maana zile za mwanzo zilikuwa nyembamba, ukizishika zinaunguza.

Watu huniuliza habari za paneli. Mimi nalala na betri, jua limeshazama! Yangu ni ya lithiamu, volti 24, Ah 100, tuseme uniti mbili na nusu za LUKU. Usiku wa kwanza niliwasha saa nne, saa tisa ikazima, nikaamka nimelowa jasho. Ubaridi wote ulikuwa unaishia kwenye bati na vioo. Nikabandika dari na kuta zile foili zenye povu wanazoweka chini ya bati za nyumba, vioo nikaviziba. Kompresa ikaanza kupumzika, sasa nafika saa kumi na moja alfajiri.

Usiku wa pili ndio mtihani. Paneli zimelala bapa, zina moto, zina vumbi. Siku ya jua kali zinanipa kama uniti moja na nusu, basi AC mwisho saa nane hivi. Nikiegesha chini ya mwembe ili gari lipoe, hata hiyo siipati. Nimeongeza chaja inayochukua umeme wa alteneta, ile dinamo ya injini, nikiwa barabarani, na hiyo kwa kweli ndiyo iliyoniokoa. Kama unalala garini mara moja kwa mwezi, kalale gesti tu.

Kitu kingine, AC inatoa maji. Kuna mama muuza maandazi Lindi alikuwa akinigongea kila asubuhi: "Kaka, gari lako linavuja!" Siku hizi nakinga ndoo, na yeye ndiye anayeyachukua kuoshea masufuria.