Programu ya apcupsd au NUT: ipi izime mashine umeme ukikatika?

Kama UPS yako (kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ni ya kampuni ya APC na mashine ni moja tu, mi nasema weka apcupsd usihangaike, kwenye apcupsd.conf unaandika UPSCABLE usb na UPSTYPE usb, DEVICE unaiacha tupu, afu inazima yenyewe betri ikifika asilimia 5 au zikibaki dakika 3. Kwangu hizo ni ndogo mno, betri ikishazeeka inakata ghafla kabla mashine haijamaliza kuzima, bora upandishe BATTERYLEVEL iwe 30 hivi. Hali yake unaiona kwa amri ya apcaccess.

NUT ndo ya UPS za kampuni zingine, au UPS moja inayolisha seva kadhaa. Ila mafaili ya mipangilio ni mengi jamani! Ikigoma kuzima anza na nut.conf, MODE inakujaga none na hapo hakuna kinachowaka kabisa, afu piga amri ya upsc uangalie ups.status: OB (iko kwenye betri) peke yake haitoshi, upsmon, ile sehemu ya NUT inayozima mashine, inasubiri na LB (betri imeisha), na kuna UPS hazitoi LB mpaka zinakufa. Dawa yake ni ignorelb (isiisikilize LB ya UPS) pamoja na override.battery.charge.low (asilimia ya chini unayoipanga mwenyewe) kwenye ups.conf. Kujaribu ni upsmon -c fsd, ila inazima kweli, sevu kazi zako kwanza.