Grisi ya breki za diski za baiskeli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, kama breki zako ni za mafuta, tazama mfuniko wa kitangi kilichopo kwenye mkono wa breki uone aina ya mafuta iliyoandikwa. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini; Hope na SRAM nyingi hutumia DOT, yaani mafuta ya breki kama ya magari. Raba za mfumo wa DOT kwa kawaida ni za EPDM, aina ya raba ya kiwandani, na EPDM ikigusana na grisi itokanayo na mafuta ya petroli inavimba. Niliwahi kuipaka pistoni, ile inayosukuma pedi, grisi ya magari nikidhani nimemaliza kazi. Baada ya wiki mbili gurudumu likawa zito. Nilipofungua, ile pete ya raba ilikuwa laini kama bablishi iliyotafunwa. Pete hiyo ndiyo inayorudisha pistoni ukiachia breki, kwa hiyo ikiharibika pedi zinasugua diski njia nzima.

Namba moja kwangu ni grisi ya silikoni. Inapatana na raba za mifumo yote miwili, na tyubu ndogo unakaa nayo miaka. Ila kuwa makini dukani: ukisema "silikoni" tu, muuza vifaa vya ujenzi atakupa ile ya kuzibia madirisha, inayonuka siki na kuganda. Ulizia grisi ya silikoni wanayotumia mafundi bomba kulainishia raba. Ukiikosa, usikate tamaa. Tone moja la mafuta yaleyale yaliyomo kwenye breki yako, likipakwa pembeni mwa pistoni kisha likafutwa, linafanya kazi vizuri kabisa.

Ya pili ni grisi nyekundu ya raba, inayopatikana kwenye maduka ya spea za magari. Imetokana na mafuta ya mbarika. Inunue kwa breki za DOT tu.

Breki za diski za waya, ambazo ndizo nyingi kwenye baiskeli za bei nafuu, zina habari yake. Nyingi ndani ya kalipa, yaani kile kibanio kinachoshika pedi, zina vigololi vinavyopanda mteremko mdogo wa chuma unapobana mkono. Hapo ni chuma kwa chuma, hakuna raba ya kuogopea. Grisi ya lithiamu ya beringi inatosha, kiasi cha punje ya mchele kwa kila gololi. Kama unashuka miteremko mirefu, mfano Lushoto hadi Mombo, tafuta lithiamu komplex, maana inavumilia joto zaidi.

Grisi ya shaba naiweka mwisho. Pedi za baiskeli ni ndogo mno. Ukiipaka mgongoni mwa pedi, ikipata moto inatambaa hadi upande wa pedi unaogusa diski. Vaselini na grisi ya chesisi ziache kabisa.

Yoyote utakayonunua, toa kwanza pedi na diski, uziweke mbali na mikono yenye grisi. Diski ikiguswa, ifute kwa spiriti. Pedi ikishanyonya grisi usihangaike kuichoma jikoni, nunua mpya.