Stata ya gia kwenye Massey Ferguson 135: inafaa, lakini anza na hita

Stata ya gia (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) niliyofunga kwenye trekta yangu ya Massey Ferguson 135 imepita msimu mzima wa baridi ya Nairobi, Juni mpaka Agosti, na ile ya zamani sina haja nayo tena. Ila kama mfuko hauruhusu kila kitu kwa mpigo, pesa ya kwanza isiende kwenye stata.

Trekta yenyewe ina injini ya Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5. Kazi yake ni kuvuta trela la mbolea na majani ya ng'ombe kati ya Dagoretti na Karen, na wateja wanataka mzigo mapema. Julai asubuhi joto huku hushuka mpaka nyuzi 11 au 12. Wanaowasha trekta kwenye theluji watatucheka, lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Hewa ikiwa nyepesi, ringi za pistoni zimechoka, na stata inazungusha kivivu, basi hewa inavuja na joto linanyonywa na kuta za silinda kabla nozeli haijapuliza dizeli. Moshi mweupe ukitoka huku injini inazunguka bila kushika, hiyo ni dizeli inayopita bila kuungua. Kusipotoka moshi wowote, dizeli haifiki; usiisingizie stata.

Sasa hita. Injini hii haina plagi za joto kwenye silinda. Ina kidude kimoja tu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, wauza vipuri wanakijua kwa jina la Thermostart. Ukizungusha ufunguo hadi kwenye hita, koili inakuwa nyekundu, vali ndogo inafunguka kwa lile joto, dizeli inadondoka na kuwaka humo humo, na hewa inaingia ikiwa imepashwa. Kwenye trekta nyingi kuukuu, mafundi wameziba kile kibomba cha dizeli na kukata waya, halafu wanasogeza kitambaa chenye moto mdomoni mwa hewa! Yangu niliinunua ikiwa hivyo hivyo. Nikapata hita mpya Kirinyaga Road (wengi bado tunaiita Grogan), fundi akaifunga na kuhakikisha kibomba kimejaa dizeli kabla ya kuwasha umeme, maana koili ikikaa kavu inaungua. Shikilia ufunguo sekunde 15 mpaka 20, ndipo uzungushe injini. Hicho kidude kidogo kilibadilisha mambo kuliko nilivyotarajia: asubuhi nyingi trekta ilishika hata kwa stata ya zamani. Zilizobaki ni zile za manyunyu, betri inapokosa nguvu.

Kabla ya kununua stata tulipima waya. Mita ikiwekwa kati ya nguzo ya betri na boliti ya stata wakati mtu anazungusha injini, ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Upande wa ardhi pia upimwe, kwa sababu rangi na kutu chini ya kishikizo cha waya wa ardhi ndiyo wezi wakubwa. Tukaweka waya nene na kusugua mpaka chuma kikang'aa.

Stata ya gia ina mota ndogo inayokimbia sana, na gia za ndani zinageuza mbio hizo kuwa nguvu. Inakula umeme kidogo kuliko ile nzito ya zamani, na injini inazunguka kwa kasi; unasikia tofauti kwa masikio. Ni nyepesi pia, fundi anaifunga bila msaidizi. Lawama ninazo. Bei yake inauma, baadhi zina gia ya plastiki ndani, na ikiharibika si kila fundi wa jua kali atakubali kuifungua, wakati ile ya zamani hubadilishwa brashi na bushi popote.

Itha ya kupuliza, ile ya kopo inayopulizwa kwenye njia ya hewa ili injini ishike, sitaki kuiona karibu. Inalipuka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi zinavunjika. Na ukipuliza wakati hita inawaka, manifoldi inaweza kukulipukia usoni.

Ukienda dukani beba stata yako ya zamani. Hesabu meno ya pinioni (ile gia ndogo ya mbele ya stata), linganisha matundu ya boliti, na uulize kama gia za ndani ni chuma. Muuzaji akikataa zilinganishwe kaunta, toka, jirani yake naye anauza.