Ashburton ndani ya mita 2.4: uzoefu wangu na XTrkCAD

XTrkCAD ni programu ya bure ya kuchora mipango ya reli za modeli, lakini anayeitumia hulipa kwa saa zake, kwa hiyo nitaihakiki kama kitu cha kununuliwa. Nimeitumia kupanga modeli ya stesheni ya Ashburton, Devon, Uingereza, kwa skeli ya 1:76 (kwa usahihi 1:76.2), juu ya mbao mbili zenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 45 kila moja. Kwa kuchora peke yake ni programu ya kawaida tu. Sifa yake imo katika kukuambia mapema ni kipi hakitaingia, wakati msumeno bado uko kabatini.

Kwanza stesheni yenyewe, maana uchaguzi wake ndio unaoamua nusu ya kazi. Ashburton ilifunguliwa mwaka 1872, mwisho wa tawi linalotoka Totnes. Jukwaa ni moja, njia ya abiria ni moja na inaingia chini ya paa la mbao, na banda la mizigo liko karibu. Tawi lilijengwa kwa kipimo kipana, milimita 2140 kati ya reli mbili, kisha likahamishiwa kipimo cha 1435 mwaka 1892. Treni za abiria zilikoma 1958, za mizigo 1962. Baadaye barabara ya A38 ikaimeza njia kati ya Ashburton na Buckfastleigh, ndiyo maana treni za watalii zinaishia Buckfastleigh hadi leo. Na aliyeifungua rasmi reli hiyo ya watalii mwaka 1969 ni Dk. Richard Beeching, mkuu wa zamani wa reli za Uingereza aliyependekeza kufunga njia nyingi, yule yule ambaye jina lake hutajwa kila Waingereza wanapolalamikia matawi yaliyofungwa!

Kwa mtu mwenye nafasi finyu, raha ya Ashburton ni ufupi wa treni zake. Injini ndogo ya daraja la 1400 ilivuta behewa moja lenye chumba cha dereva upande wa pili; wakati wa kurudi dereva alihamia huko, na injini ikabaki pale pale ilipo ikisukuma. Kwa skeli ya 1:76, treni hiyo nzima ni kama sentimita 36. Jukwaa linaweza kufupishwa sana na bado likaonekana la kweli. Jaribu kufanya hivyo kwa stesheni ya treni za mabehewa manane uone.

Ramani niliipata kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambayo inaonyesha bure ramani za zamani za Ordnance Survey, wakala wa ramani wa Uingereza, zikiwemo za Uingereza yenyewe. Zile za inchi 25 kwa maili, yaani 1:2500, zinaonyesha kila njia ya pembeni, kila banda, hata ukuta. XTrkCAD inakubali picha iwekwe nyuma ya mchoro: unaipa upana wake halisi, unaizungusha mpaka jukwaa lilale sambamba na ubao, halafu unachora reli juu yake. Hapa ndipo nilipoipenda. Lakini ramani ya 1:2500 isitegemewe kupita uwezo wake. Mstari wa wino wa nusu milimita ni zaidi ya mita moja ardhini, kwa hiyo ramani inakwambia njia ipi inatoka wapi. Pointi (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) inaanzia wapi hasa, tafuta kwenye picha za zamani.

Ukishaweka ramani, hesabu inakuumbua. Mita 2.4 za ubao ni mita 183 tu za ardhi. Kila mtu hudhani atabana majengo. Ukweli ni kwamba urefu unaliwa na pointi. Pointi ya ukubwa wa kati ya Streamline, reli za modeli za kampuni ya Peco, yenye nusukipenyo cha milimita 914, ina urefu wa milimita 219. Ndogo, ya 610, ina 185. Lupu ya kuzungushia injini, yaani njia ya pembeni ya kuipitisha injini hadi upande wa pili wa mabehewa, inahitaji moja kila upande, kwa hiyo karibu sentimita 44 zimekwisha kabla behewa hata moja halijasimama. Mbele ya pointi ya mwisho unahitaji tena kipande cha kuingia injini peke yake, na injini kubwa kidogo ya tawi hilo inataka sentimita 15.

Programu ina mafaili ya vipande vya watengenezaji wengi, Peco akiwemo, kwa hiyo vipimo hivyo huvikisii. Niliweka pointi za kati kwenye njia ya abiria, ndogo kule kwenye mizigo, na mchoro ukakubali. Ukiipa nusukipenyo cha chini unachokitaka, kona yoyote iliyobana kupita hapo inabadilika rangi. Huwezi kujidanganya.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu itakayokutatulia. Reli ya milimita 16.5, ambayo ndiyo hii ya Peco, inalingana na 1435 katika skeli ya 1:87, siyo 1:76. Kwenye 1:76 ilipaswa kuwa 18.83. Ukiilaza juu ya ramani iliyopimwa sawasawa, njia zinaonekana nyembamba, na nafasi ya Peco kati ya njia mbili, milimita 50.8, ni kubwa kuliko ile ya stesheni halisi. Mimi nimeikubali hali hiyo. Asiyeweza kuivumilia anajenga reli zake mwenyewe, na huyo programu yake ni Templot, iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchora pointi na mataruma kwa usahihi wa kiwandani.

Kilichonishinda kupenda ni menyu. Ni nyingi, na kuunganisha reli ya kunyumbulika na pointi kuna mpangilio wake ambao mkono unapaswa kuuzoea. Anayeanza asome mwongozo kwanza. Kubahatisha hakufai hapa. Sehemu ya kuendesha treni ndani ya mchoro niliiona mchezo tu mwanzoni, kumbe inafaa: unashanti mabehewa, yaani kuyasogeza na kuyapanga, na kuona kama lupu inatosha kweli.

Kitu ambacho nisingekiacha kwa lolote ni kuchapisha kwa ukubwa halisi. Mchoro wote unatoka kwenye karatasi za A4 zenye alama za kuzipanga, unaziunga kwa gundi ya utepe na kuzitandaza juu ya ubao. Zima ile chaguo ya printa ya kupunguza ili iingie kwenye ukurasa, na upime kwa rula ukurasa wa kwanza kabla ya kuchapisha uliobaki. Nilipoyasimamisha mabehewa juu ya karatasi ndipo nikaamua kuiondoa njia moja ya pembeni. Kwenye skrini ilikaa vizuri. Kwenye ubao haikuacha nafasi ya mkono kuingia kufungua kiungo cha mabehewa nyuma ya banda la mizigo.

Usisahau mahali treni inapokwenda ikitoka stesheni. Ubao wa tatu uliofichwa, wenye njia chache za kupangia treni, uchorwe siku ile ile, kwa sababu njia kuu inapoukatiza ukingo wa ubao haiwezi kuwa juu ya pointi. Kwa treni ya Ashburton, sentimita 60 zinatosha. Kama hata hizo huna, skeli ya 1:148 inakata kila kitu karibu nusu, na eneo la karibu mita 300 linaingia ndani ya mita mbili bila kubanwa popote.

Kwa asiye na subira ya menyu, AnyRail ni nyepesi zaidi. Toleo lake la bure lina kikomo cha vipande 50, ambacho kwa stesheni kubwa ni kidogo, ila kwa tawi la jukwaa moja lililochorwa kwa reli ya kunyumbulika, kinatosha.