Sporani ya Askari wa Skotlandi: Muuzaji Kasema Waterloo, Ngozi Inasema Mengine

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina kitu ambacho mama yangu alipokiona kwenye simu aliuliza, "Huo mkia ni wa nani?" Mama, si mkia. Ni sporani, ule mkoba ambao wanaume wa Skotlandi huuning'iniza mbele ya kilti, ile sketi yao ya sufu yenye mirabaraba, maana kilti haina mfuko hata mmoja. Neno lenyewe kwa Kigaeli maana yake ni kibeti tu. Lakini huu wa leo si wa harusini, ni wa jeshi. Tazameni ulivyo mrefu: nikiushika kiunoni unafika karibu na magoti. Singa tupu za farasi, nyeupe, na juu yake vishada viwili virefu vyeusi.

Nimeununua hapa Glasgow, soko la vitu vikuukuu, Jumamosi iliyopita. Mzee anayeuza alikuwa nayo miwili, na kila mmoja kaufungia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: "Black Watch, Waterloo." Alitaka pauni 140. Black Watch ni rejimenti ya Skotlandi. Nikamwuliza, mzee wangu, Waterloo, vile vita vya mwaka 1815 vya kumshinda Napoleon? Akasema ndiyo, bila kupepesa macho. Tukavutana mpaka 60. Nikalipa, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kitu ndani ya ngozi ambacho yeye hakukiona. Tutafika huko.

Tuanze na singa, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa. Sporani nyingi zinazouzwa kama za kale ni za bendi za siku hizi. Sialkot, kule Pakistani, wanatengeneza zumari za Kiskoti, zile zenye mfuko wa upepo, kilti na sporani kwa wingi, na kazi yao si mbaya hata kidogo, ila si ya askari wa zamani. Baadhi ni nailoni. Kwa hiyo nimechomoa singa moja, moja tu, kutoka nyuma ambako haionekani. Nasogeza kiberiti... mnaona? Imejikunja, imetoa moshi kidogo, na harufu imejaa chumba kizima, ile ya kwato na kucha zikiungua. Sasa naibana kwa vidole: imekuwa unga. Nailoni ingeyeyuka ikaacha kitone kigumu kama ushanga. Kwa hiyo ni singa ya kweli. Lakini msishangilie bado, hata sporani ya mwaka jana inaweza kuwa na singa za kweli.

Sasa vishada. Kila rejimenti ya nyanda za juu za Skotlandi ilikuwa na rangi zake na hesabu yake, na aliyeyajua haya alimtambua askari kwa mbali kabla hajaiona hata sura yake. Black Watch: singa nyeupe, vishada vitano vyeusi. Vitano. Mimi hapa nina viwili. Kwa hiyo kile kikaratasi tungeweza kukichana pale pale sokoni. Cameron Highlanders wao ni kinyume cha huu wangu: singa nyeusi, vishada viwili virefu vyeupe. Argyll and Sutherland, askari wa kawaida, walivaa nyeusi yenye vishada vidogo sita vyeupe vinavyochezacheza wakitembea. Maofisa na masajenti wao walivaa kichwa kizima cha melesi, yule ndugu wa Ulaya wa nyegere wetu, macho na pua vikiwa vinakutazama. Ukikutana na hiyo sokoni usikimbilie kununua, melesi analindwa na sheria nchini Uingereza na karatasi zake ni usumbufu.

Nyeupe na viwili virefu vyeusi walivaa watu wa namna mbili: Seaforth Highlanders na Gordon Highlanders. Na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu ukiziweka pembeni mbili hizo bila beji, zinafanana kama mapacha.

Beji haipo. Sogea kamera... hapa juu, kwenye hii ngozi nyeusi ngumu, mnaona matundu mawili. Mtu aliing'oa akaiuza peke yake, beji ya fedha-fedha inauzika haraka. Mtoa maoni mmoja aliniambia bila beji sporani haina thamani. Mimi naona vingine. Beji ndiyo kitu cha mwisho ninachokiamini, kwa sababu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubandika. Unachukua sporani ya bendi, unatoboa matundu mawili, unafunga beji ya kweli ya mwaka 1900, na tayari umeshauza "historia". Tundu lililotobolewa juzi lina kingo nyeupe, ngozi mbichi inaonekana. Haya yangu ndani yake ni meusi, na kuna ukijani wa kutu ya shaba. Hayo yamezeeka pamoja na ngozi.

Tena kuna kivuli. Zima taa hiyo, niweke tochi ubavuni. Naam. Pale beji ilipokaa miaka yote, ngozi haikupigwa na jua, imebaki nyeusi zaidi. Na umbo lake ni duara, lenye ukingo wa vijimeno-vijimeno. Rejimenti zote mbili zina kichwa cha paa dume mwenye pembe, kwa hiyo pembe peke yake hazisaidii. Lakini beji ya Seaforth ni kichwa kitupu na utepe chini yake wenye maneno ya Kigaeli, Cuidich 'n Righ, "msaidie mfalme". Ya Gordon imezungushiwa shada la majani ya mwefeu, ule mmea unaotambaa ukutani, na chini pameandikwa Bydand, yaani "imara". Vijimeno hivi ni majani. Nikasema moyoni, Gordon. Ila kivuli ni kivuli, kesi huifungi kwa kivuli.

Sasa lile nililoliona sokoni. Nageuza mkoba. Nyuma kuna ngozi ya kahawia, vitanzi viwili vya mkanda, na mfuniko mdogo. Ukiufunua, ndani kuna mhuri wa mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na chini yake namba imegongwa tarakimu moja moja kwa nyundo. Zimepinda, ya tatu iko juu kuliko wenzake. Tarakimu saba: 2873, kisha tatu ambazo nimezifunika kwa kidole gumba. Namba hii ilikuwa ya mtu, na pengine wajukuu zake wanaishi mtaa wa pili.

Kwa nini saba? Zamani kila rejimenti ilijihesabia yenyewe, kwa hiyo askari namba 412 alikuwepo huku na 412 mwingine kule. Mwaka 1920 jeshi likagawa namba kama mtu anavyogawa mashamba. Black Watch wakapewa 2744001 mpaka 2809000. Seaforth wakaendelea hadi 2865000. Gordon wakaanzia 2865001 wakaishia 2921000. Hesabuni wenyewe, 2873 na ushee inaangukia shamba la nani?

Gordon. Tena haiwezi kuwa ya kabla ya 1920, kwa hiyo Waterloo imekosewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Nakadiria ni ya miaka ya kati ya vita viwili vikuu, wakati mkoba huu ulikuwa wa gwaride. Vitani askari hakwenda kupunga singa nyeupe mbele ya bunduki, hata katika Vita vya Kwanza walifunika kilti kwa aproni ya kaki na sporani ikabaki nyuma.

Nikomee hapa kidogo, maana kuna jambo limenigusa. Mimi nimezaliwa Gilgil. Utotoni niliziona nyumba za kambi ya zamani bila kuuliza ni za nani. Nikasoma habari za Gordon hawa, nikakuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 batalioni yao ilikaa Gilgil, na mwaka 1963 ikarushwa kwa ndege kutoka Kenya kwenda Swaziland. Sporani hii ni ya kizazi kilichotangulia, lakini nilipigwa na butwaa. Na jina la Black Watch nalo si geni kwetu, walikuwa Kenya kuanzia 1953, enzi za Mau Mau. Wazee wa Nyeri hawalitaji wakicheka.

Na nyinyi mnaonitazama kutoka Maskati, najua mtaandika habari za wapiga zumari za Kiskoti wanaopanda ngamia huko kwenu. Nawasubiri.

Hali yake: singa zimepungua kidogo upande wa kushoto, kishada kimoja kimelegea, mkanda si wake. Pauni 60 ni bei ya haki. Nitaosha singa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukiwa umeinamishwa ili ngozi isilowe, kisha nitauning'iniza ukauke kivulini. Msitumie pasi ya nywele, nawaomba.

Jana nilirudi kwa yule mzee, nikamwonyesha namba na kumweleza yote, vishada kwa vishada. Alinisikiliza kwa utulivu kabisa. Kisha akachukua penseli, akakata "Black Watch, Waterloo" kwenye ule mkoba wa pili, akaandika "Gordon", na bei akaipandisha mpaka 160. Mkoba huo wa pili ni mweusi, una vishada vidogo sita vyeupe.